Fundi wa Maji Moto Aliyerudi Kila Mwaka

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa uani, nikimsubiri mama yangu amalize kuoga. Aliyenipigia simu kutoka Beni ni dada yake mdogo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wamekwisha kumzika jana alasiri, maana Waislamu hawamkalishi maiti wao, na kwamba namba yangu ameikuta katika simu ya marehemu imeandikwa “Papa wa Gazeti”. Alikuwa ameugua siku sita tu. Wasomaji wangu wa Butembo na Beni wenye mitambo ya jua ya kuchemshia maji wameshajua ninayemsema, kwa sababu katika miji yetu hii miwili sikupata kumsikia mwanamke mwingine aliyepanda juu ya mabati na spana mkononi. Sisi tuliomfahamu tulizoea kunong’onezana kwamba mama huyu ataondolewa ama na barabara ama na paa. Vyote viwili vilimwacha salama. Alifia kitandani nyumbani kwa dada yake, mchana kweupe, baada ya kuomba maji ya kunywa.

Mama yangu alipotoka bafuni nikamweleza. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya. Kisha akaniuliza kama huko Beni walimwosha kwa maji ya uvuguvugu. Nikasema sijui, sikuuliza. Akaniambia basi niende nikaulize, maana yeye miguu yake haimfikishi tena hata sokoni, na mtu aliyewapashia wengine maji miaka yote ile si wa kuogeshwa maji baridi siku yake ya mwisho. Nimefanya kazi ya uandishi tangu nikiwa kijana, nimetumwa na wahariri wengi kuuliza maswali mengi, lakini sikumbuki kutumwa swali zito kuliko hilo.

Niseme kwanza alikuwa nani. Mume wake alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Kasindi na Butembo. Safari moja alipakia maboksi ya mitambo ya maji moto kwa ajili ya mfanyabiashara fulani, na alipofika, mfanyabiashara yule alikuwa amehama mji bila kuaga. Maboksi yakawekwa sebuleni kwa dereva, huko Beni, yakimngoja mwenyewe, na mwenyewe hakurudi. Mwaka uliofuata malaria ikamchukua dereva. Mjane akabaki na watoto wanne wanaolala katikati ya maboksi. Siku moja akafungua boksi la kwanza. Ndani mlikuwa na bomba ndefu za kioo cheusi, tanki la duara, vyuma vya kusimamishia, na karatasi ya maelezo kwa lugha asiyoijua. Akaitazama michoro siku nzima. Halafu akawaacha watoto kwa dada yake, akapanda gari hadi Lubero, ambako aliambiwa masista wana mtambo wa namna hiyo na mzee anayeutunza. Alikaa kwa mzee yule majuma mawili, akimshikia ngazi na kuuliza.

Alirudi na mambo machache ambayo baadaye alinieleza mara nyingi hadi nikayajua kwa moyo. Maji yakipata moto hupanda yenyewe, kwa hiyo tanki lazima likae juu ya bomba, si chini yake. Bomba za kioo huoshwa asubuhi kabla jua halijakolea, kwa sababu ukimwagia maji baridi kioo kilichochomwa na jua kitapasuka. Na chini ya tanki hukusanyika tope, nalo lisipotolewa, mwaka wa tatu utakuwa unachemsha udongo. Akavaa suruali ya marehemu mumewe ndani ya kikwembe chake cha kujifunga, akapanda paa la nyumba yake mwenyewe, na mtaa mzima ukatoka kumtazama. Walicheka. Juma lilipoisha, wale wale waliocheka walianza kuja na ndoo, mmoja mmoja, kuomba maji ya kuogeshea watoto.

Nyumbani kwetu aliletwa na maumivu ya mama yangu. Anayeijua asubuhi ya Butembo, ukungu ukiwa bado umekalia vilima, anajua maji ya pipa yanavyouma, na viungo vya mama vilikuwa vimeanza kukaza. Nilikuwa nimechoka kununua makaa. Mama Fundi, kama tulivyozoea kumwita, alikuja, akapima paa kwa macho, akasimika mtambo kwa siku mbili, na siku ya tatu mama yangu alikaa bafuni muda mrefu mpaka nikaenda kugonga mlango nikidhani ameanguka. Alinijibu kutoka ndani nimwache. Kabla ya kuondoka siku ile, fundi alisema jambo ambalo nililichukua kama maneno ya biashara tu: kwamba kila mwaka, mvua zikipungua, atarudi kuuangalia, nimwite au nisimwite.

Na alirudi. Alishuka kwenye pikipiki na mfuko wake wa turubai, akamsalimu mama kwa Kinande chenye lafudhi ya Beni, na mama hakuacha kumtania kwamba anaongea kama mtu mwenye ndizi mdomoni. Alipanda. Alifungua tanki, maji mekundu yakamwagika kwenye mfereji hadi yakawa meupe. Alichomoa fimbo ya magnesiamu, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tanki lisiliwe, akaigeuzageuza na kutuonyesha imebaki kiasi gani. Aliosha bomba kwa kitambaa laini, akafunga upya manyoya ya kuhifadhi joto ambayo ndege walikuwa wameyanyofoa kwenye mabomba ya kushukia kwa ajili ya viota vyao. Mama yangu, ambaye hajawahi kupanda ngazi maishani, alikaa chini kwenye kiti akimwelekeza afanye nini, na yule juu alijibu “ndiyo, mama” kwa kila agizo na kuendelea kufanya anachokijua. Saa za sala, mama alimtolea mkeka alioununua kwa ajili yake na kuuhifadhi nyuma ya kabati. Mama yangu ni Mkatoliki wa misa ya kila siku, lakini mkeka ule hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuukalia. Mgeni wake alipokuwa akiswali sebuleni, mama alizima redio na kunizuia kupita, hata kama nilikuwa nimesahau kalamu humo ndani. Baadaye walikula sombe, yale majani ya muhogo, pamoja, wakazungumza habari za wajane, ambazo wanapozizungumza wajane wawili mwanaume hutakiwa kwenda kutafuta kazi ya kufanya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika, wala mama yangu hakulijua lote hadi juma hili. Juu ya tanki kuna kibomba kifupi kinachotazama juu, ambacho mvuke hupitia maji yakizidi moto. Siku za jua kali kilikuwa kikitema maji, yanateremka kwenye bati, yanachora ukutani alama ya kahawia. Nilikuwa nimetoka kupaka rangi ukuta ule. Nikapanda, nikachonga kipande cha mti, nikakipigilia mdomoni mwa kibomba na kukikaza kwa mpira wa tairi la ndani. Maji yakaacha kutiririka, nami nikashuka nikijiona fundi. Tumelelewa na methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta, na siku ile niliamini nimeitii.

Alikuja kwa zamu yake ya mwaka kama miezi miwili baadaye. Jua lilikuwa tayari limepanda, kwa sababu pikipiki yake ilikuwa imeharibika njiani Kalunguta. Mama alikuwa ameshachukua taulo yake anaelekea bafuni, ambalo liko chini kabisa ya tanki. Fundi alipanda vidato vinne vitano vya ngazi, akasimama. Hakupiga kelele. Aliteremka, akamshika mama mkono, akamwambia leo waanze na mazungumzo, kuoga baadaye, akamtoa hadi chini ya mparachichi wa jirani. Kisha akarudi akaniomba nifunge maji yanayoingia nyumbani, niwatoe watoto waliokuwa wakicheza uani, na nimpe mablanketi mawili. Alipanda peke yake, akafunika bomba zote zisipate jua, akashuka haraka. Tukakaa mbali tukisubiri tanki lipoe. Kutoka pale tulipokaa niliona kwa macho yangu kwamba ubavu wa tanki ulikuwa umevimba.

“Njo weye ulifunga pale, Papa?” aliniuliza.

Nikasema ni mimi. Nikaanza kumweleza habari ya ukuta na rangi, nikasikia sauti yangu inapanda, nikasema nyumba ni yangu na ukuta ni wangu. Aliniacha nimalize.

“Ile maji inatokaka pale haiko mubaya,” alisema. “Ni pumuzi. Ulifunga mutu kinwa na pua, sasa unasema amenyamaza muzuri.”

Mablanketi yalikuwa juu, mama alikuwa anacheka na jirani chini ya mti wake bila habari, na mimi nilikuwa nahesabu kichwani muda ambao angekuwa bafuni. Ndipo fundi, bila mimi kumwuliza, akanieleza kilichompata katika mwaka wake wa kwanza wa kazi. Nadhani alifanya hivyo ili aibu isinilemee peke yangu.

Alikuwa amesimika mtambo Beni, katika nyumba ya mfanyabiashara mwenye jina. Mwenye nyumba akalalamika kibomba kinachafua ukuta, akasema mbele za watu kwamba ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke kazi ya wanaume. Fundi alijua kabisa kibomba hakizibwi. Mzee wa Lubero alikuwa amemwambia zaidi ya mara moja. Lakini watoto walikuwa wanne, na jina lake lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kutajwa. Akapanda, akakikaza kwa kifuniko cha chuma, akapokea sifa. Miezi mitatu baadaye, saa sita mchana, tanki likapasuka mshono. Msichana wa nyumba ile, mpwa wa mwenye nyumba, alikuwa anafua chini. Maji ya moto yalimwangukia kuanzia bega la kushoto hadi vidole.

Watu wote walilaumu mtambo wenyewe. Walisema vitu vya siku hizi vinavyopita mpakani ni vibovu. Hakuna aliyemtaja yeye, na angeweza kukaa kimya hadi kufa kwake. Alikwenda katika nyumba ile, akasimama mbele ya wazazi na wajomba, akasema ni yeye aliyeziba, na alijua. Wakamfukuza kwa maneno ambayo hakutaka kuyarudia mbele yangu. Kesho yake alipika uji, akaupeleka hospitalini. Mama wa msichana akaukataa. Akauacha kwa muuguzi, akaondoka. Siku iliyofuata akapeleka tena. Aliendelea hivyo hadi msichana aliporuhusiwa kutoka, na baada ya hapo aliendelea kwenda nyumbani kwao, akisimama mlangoni anapokosa kukaribishwa ndani. Tangu wakati ule akajiwekea sharti kwamba kila mtambo alioupandisha juu ya nyumba ya mtu, atakwenda kuuona mwenyewe mara moja kila mwaka, hadi asiweze kupanda. Ndiyo sababu alikuwa akipita barabara ya Beni katika nyakati ambazo hata wenye magari waliahirisha safari zao kwa hofu ya kuvamiwa njiani. Tulimwonya. Alisema yuko mtu anaoga chini ya kila tanki.

Jioni ile, maji yalipopoa, alichomoa mti wangu, akaunyoosha ubavu wa tanki kadiri ulivyokubali, akaunganisha kibomba na mpira mrefu unaoteremsha matone hadi mferejini. Ukuta wangu haukuchafuka tena. Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi kuliko niliotumia kuchonga kile kipande cha mti. Mama yangu aliambiwa tu kwamba kulikuwa na hitilafu ndogo.

Tangu apumzike nimekuwa nikitembea mjini nikitazama juu na kando ya njia, na naona nilichokuwa sikioni. Sisi watu wa huku tunajua kuanzisha. Kisima kikizinduliwa, kuna utepe, kuna ngoma, kuna wakubwa na picha, na sisi waandishi tupo mstari wa mbele. Miaka miwili baadaye pampu imekufa kwa kukosa mpira wa kukaza, na akina mama wamerudi kwenye kijito na madumu yao. Nilipokuwa nikiandika habari za uzinduzi, sikurudi hata mara moja kuandika habari ya mwaka wa pili. Hakuna mhariri aliyeniagiza, nami sikujiagiza. Pia tunajua kuzika, kwa sababu tumezika sana. Lakini kati ya kuanzisha na kuzika kuna miaka mingi ya kwenda kutazama kama kitu kinapumua, na kazi hiyo haina utepe. Anayeifanya anaonekana mtu wa kurudiarudia, asiye na jipya. Yule mama alizeeka akiosha bomba zile zile.

Nilifika Beni siku ya tatu ya matanga. Uani mlikuwa na wanawake wengi waliokaa kwenye mikeka, wengine Waislamu wa ukoo wake, wengine wenye nyumba wa Kikristo aliowatengenezea maji, na mwanajeshi mmoja mstaafu kutoka mkoa mwingine ambaye alisema hakuna mtu mwingine mjini aliyemtembelea kila mwaka. Nilimpa dada yake pole za mama yangu, kisha nikamweleza swali nililotumwa nalo. Hakushangaa. Akaninyooshea kidole mwanamke wa makamo aliyekuwa akigawa chai, akasema yule ni mmoja wa waliomwosha, nimwulize yeye.

Alikuja akakaa kwenye kiti kidogo karibu nami. Aliposhika birika niliona ngozi ya mkono wake wa kushoto, imekunjamana na kung’aa hadi kwenye kucha, na nikajua niko na nani kabla hajajitambulisha. Ana mume sasa na watoto wakubwa. Wanalima upande wa Kalunguta. Nikamwuliza alichotaka kujua mama yangu. Alitikisa kichwa kukubali.

“Yalikuwa moto kidogo tu,” alisema. “Nilijaribu kwanza na huyu mukono, sababu unasikiaka moto mbio kuliko ule mwingine.”

Nikamshukuru kwa Kinande, “wasingya”, kwa niaba ya mama. Kwa mazoea mabaya ya kazi yangu, sikuweza kuondoka bila kumwuliza swali langu mwenyewe. Nikamwuliza ni lini alimsamehe. Alitazama chini akifikiri, kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetafuta tarehe na asiyetaka kumdanganya mgeni.

“Papa, hapana siku nilisema nimemusamehe,” alijibu. “Alikuwaka anakuya tu. Anakuya, anakuya. Siku moja niliona mi namungojea.”

Nilirudi Butembo nikampa mama jibu lake. Alilala vizuri siku ile, na kesho yake aliniagiza niutoe mkeka nje uanikwe juani. Mimi sikulala vizuri hivyo. Miaka iliyopita, katika safu hii hii, niliandika kwamba mwalimu mmoja aliyepangiwa kazi kwetu kutoka mkoa wa mbali aliuza madawati ya shule. Haikuwa kweli. Nilisahihisha kwa mstari mmoja chini ya ukurasa, nikahesabu jambo limekwisha, na kila nilipomwona njiani nilivuka upande wa pili. Nilidhani kosa ni kama deni la dukani, unalipa mara moja unafutiwa. Mama Fundi alijua kwamba ulichokiharibu kwa mtu hakitengenezwi kwa siku moja wala kwa neno moja, na kwamba anayekosea hana haki ya kupanga siku ya kusamehewa. Kilicho mikononi mwake ni kwenda, na kwenda tena, mikono mitupu au na uji, afunguliwe au asifunguliwe.

Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa mwalimu. Mke wake alifungua mlango nusu, akanitambua, akasema mume wake hayupo. Nyuma yake nilisikia mwanaume akikohoa. Nikamwachia salamu, nikamwambia nitarudi Jumamosi, na kama Jumamosi hayupo, basi Jumatano.